"Kichwa Ni Changu": Nadharia ya Peltzman Ilipopatia na Ilipokosea

Kuna hoja ambayo lazima umewahi kuisikia, na huenda wewe mwenyewe umewahi kuitoa. Helmeti ya nini? Kichwa ni changu, roho ni yangu, nikianguka naumia mimi. Serikali inaingiaje hapo? Ipeleke hoja hii kijiwe chochote cha bodaboda, utapata wa kuiunga mkono. Ipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wasomi, utapata wa kuiunga mkono pia, ila wao wataipaka rangi ya kitaalamu: "Uchumi unaonyesha kwamba ukimlinda mtu, anajiachia. Mpe helmeti, atakimbiza pikipiki zaidi. Mwisho wa siku vifo ni vilevile."

Hii ya pili ina mwenyewe. Ni Sam Peltzman, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1975 alichapisha katika jarida la Journal of Political Economy makala kuhusu matokeo ya sheria za usalama wa magari nchini Marekani. Tangu hapo jina lake limegeuka silaha. Ikitajwa tu kanuni mpya ya usalama, iwe ya mikanda, helmeti au breki, hakosekani mtu wa kuinua mkono na kusema "athari ya Peltzman".

Leo tuipitie makala hiyo kama tunavyopitia makala yoyote ya kisayansi: ilisema nini hasa, ushahidi wake ulikuwa upi, na baada ya miaka 50 nini kimesimama na nini kimeanguka. Nikwambie mapema ninakoelekea. Swali la Peltzman ni zuri sana. Jibu lake halikusimama. Na wanaomnukuu leo huwa wanaacha nusu ya alichosema, nusu ambayo ndiyo inayotuhusu sisi tunaopanda bodaboda kila siku.

Peltzman alisema nini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu, Unsafe at Any Speed, kilichoyashutumu makampuni ya magari ya Marekani kwa kuuza magari wanayojua kwamba ni ya hatari. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuipa serikali kuu mamlaka ya kuweka viwango vya usalama. Magari mapya yakatakiwa kuwa na mikanda ya viti, nguzo ya usukani inayojikunja badala ya kumchoma dereva kifuani, dashibodi yenye sponji, breki zenye mifumo miwili ili mmoja ukifa mwingine ubaki, na kioo cha mbele ambacho kichwa hakikipenyi kirahisi.

Wahandisi walipiga hesabu. Kwa makadirio yao, bila vitu hivyo vifo vya barabarani vingekuwa juu zaidi kwa takriban asilimia 20. Peltzman akauliza swali rahisi: sawa, hao waliookolewa wako wapi? Akachukua mwenendo wa vifo wa kabla ya sheria, akakadiria vifo vingekuwaje kama sheria isingekuja, kisha akalinganisha na vilivyotokea kweli. Kwenye jumla ya vifo hakuona tofauti.

Maelezo yake yalikuwa ya kichumi. Dereva ni kama mnunuzi sokoni. Kuna kitu anachokitaka, nacho ni kufika haraka, na kuna bei anayoilipa, nayo ni uwezekano wa kuumia. Gari likiwa salama zaidi, bei ya kukimbia imeshuka. Na bei ikishuka, watu hununua zaidi. Kwa hiyo dereva mwenye mkanda anakanyaga mafuta, na usalama aliopewa na sheria anaurudisha dukani kuubadilisha na mwendo.

Mpaka hapo ndipo wengi wanapomnukuu. Lakini makala iliendelea. Peltzman alisema kulikuwa na dalili kwamba watu waliomo ndani ya magari walikuwa wanapona zaidi. Jumla haikubadilika kwa sababu, kwa mujibu wake, vifo vya watembea kwa miguu viliongezeka, na ajali zisizoua nazo ziliongezeka. Yaani kwa maneno yake mwenyewe, hatari ilihama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa asiye na gari.

Ishike vizuri hiyo sentensi ya mwisho. Tutaihitaji.

Tumpe haki yake kwanza

Kabla ya kumkosoa, tukubali kwamba wazo la msingi lina akili. Kabla yake wahandisi wengi walimhesabu binadamu kama gunia la mchanga: unalifunga mkanda, unaligongesha ukutani, unapima. Peltzman alikumbusha kwamba gunia hili lina akili na linabadili mwenendo kulingana na mazingira.

Ushahidi upo. Miaka ya 1980 kule Munich, Ujerumani, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja. Baadhi zilifungwa breki za ABS, ambazo huzuia matairi yasijifunge na kuteleza, na nyingine hazikufungwa. Ungetarajia teksi zenye ABS zipate ajali chache zaidi. Haikuwa hivyo, idadi haikutofautiana kwa maana. Madereva wenye ABS walikuwa wanakata kona kwa ukali zaidi na kushika njia yao kwa uangalifu mdogo zaidi. Walichokipata kwenye breki walikitumia kwenye mwendo.

Wala huhitaji kwenda Ujerumani. Barabara ya vumbi ikishapigwa lami, mwezi haupiti wananchi wanadai matuta. Kwa nini? Kwa sababu ile barabara nzuri, iliyotakiwa kuwa salama zaidi, sasa ina magari yanayopita kama risasi mbele ya shule. Wananchi hao hawajawahi kumsoma Peltzman, lakini wanamjua.

Kwa hiyo swali si kama watu hufidia usalama kwa kujiachia. Kuna nyakati hufanya hivyo. Swali la kisayansi ni hili: wanafidia kiasi gani, kwa kinga ya aina gani, na nani anapokea ile hatari inayohama? Kwenye maswali haya matatu ndipo jibu la 1975 linapoanza kuvuja.

Jibu lilivuja wapi?

Kwanza, chungu kilichanganywa vitu. Mwaka 1977 mtafiti Leon Robertson aliipitia hesabu ya Peltzman na kuonyesha kwamba ilijumuisha vyombo ambavyo viwango vile havikuvigusa kabisa, yakiwemo malori na pikipiki. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, huwezi kuwachanganya waliomeza na wasiomeza kisha ukashangaa wastani haujasogea.

Pili, muda umesema. Mwaka 1966 Marekani ilikuwa inapoteza watu zaidi ya 5 kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa. Miaka ya karibuni kiwango hicho kiko kati ya 1 na 1.5. Si viwango vya magari peke yake vilivyofanya hivyo. Barabara zimeboreshwa, sheria za ulevi zimekazwa, huduma za dharura zimekua. Lakini kama ni kweli kwamba dereva huurudisha dukani usalama wote anaopewa, mteremko wa aina hiyo usingewezekana. Mwaka 2003 wachumi Alma Cohen na Liran Einav walichunguza sheria za mikanda jimbo kwa jimbo. Walikuta kwamba sheria hizo zinapunguza vifo, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba watu wanaofunga mkanda wanaendesha hovyo zaidi.

Tatu, na hii ndiyo muhimu kwa helmeti: kinga hazifanani. Breki za ABS unazihisi kila siku. Ukikanyaga, gari linatii, na mwili wako unajifunza kwamba sasa unaweza kuchelewa kukanyaga. Helmeti unaihisi vipi? Unahisi joto, jasho, na harufu ya abiria aliyetangulia. Haiongezi nguvu ya breki wala haikushikilii kwenye kona. Faida yake inaonekana sekunde moja tu, ile ambayo hutaki ifike. Ni vigumu mtu "kutumia" kwenye mwendo faida ambayo mwili wake haujawahi kuionja.

Sentimita mbili na nusu

Hebu tuione hiyo sekunde moja kwa hesabu ya kidato cha tatu.

Chukua kichwa kinachodondoka kutoka urefu wa mita 1.5, takriban kimo cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki. Kinapogusa lami kinashuka kwa kasi ya karibu mita 5.4 kwa sekunde. Kasi hiyo lazima iishe, na swali ni itaishia ndani ya umbali gani. Kanuni ni nyepesi: kasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kusimama.

Kwenye lami tupu, tuseme ngozi na fuvu vinabonyea kwa milimita 5. Piga hesabu: kichwa kinasimamishwa kwa nguvu ya karibu mara 300 ya uzito wake. Sasa weka katikati povu gumu, lile jeupe linalofanana na la kufungia televisheni mpya, na tuseme linabonyea sentimita 2.5. Nguvu inashuka hadi karibu mara 60. Ubongo ni uleule, kimo ni kilekile, lami ni ileile. Kilichobadilika ni sentimita mbili na nusu za kusimamia.

Ndiyo maana ganda la plastiki lisilo na povu ndani ni kofia ya kumkwepa trafiki tu. Ndiyo maana pia helmeti isiyofungwa mkanda wa kidevuni ni mapambo. Itakutangulia kufika chini.

Mwaka 2008 mapitio ya taasisi ya Cochrane, yaliyokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini ngoja. Rafiki yetu wa athari ya Peltzman yuko macho na atasema: "Hizo ni takwimu za watu waliokwisha anguka. Hazisemi kama mwenye helmeti anaanguka mara nyingi zaidi." Yuko sahihi! Hoja hiyo haijibiwi kwa kupima vichwa hospitalini. Inajibiwa kwa kuangalia nini kinatokea kwa jamii nzima pale sheria ya helmeti inapowekwa au kuondolewa. Kama fidia ni kamili, ukiiondoa sheria waendeshaji watakuwa waangalifu zaidi na vifo vitabaki palepale.

Jaribio hilo lilishafanyika, na halikufanywa na wanasayansi. Lilifanywa na wanasiasa.

Florida na bei ya kichwa

Mwaka 2000 jimbo la Florida nchini Marekani liliamua kwamba mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 21 anaweza kuendesha pikipiki bila helmeti. Uhuru. Ila waliweka sharti dogo: awe na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000.

Simama kidogo kwenye sharti hilo. Kama kweli kichwa ni cha mwenyewe na hasara ni yake peke yake, bima ya nini? Kwa kuandika tu namba ile kwenye sheria, Florida ilikubali kwamba kuna bili na kwamba bila bima bili hiyo itaangukia mlango wa mtu mwingine. Waliondoa helmeti, wakashindwa kuliondoa swali la nani analipa.

Matokeo yalifanyiwa tathmini na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Katika miaka mitatu baada ya mabadiliko, waendesha pikipiki waliokufa waliongezeka kwa asilimia 81 kulinganisha na miaka mitatu ya kabla. Hapa tuwe waangalifu, maana pikipiki zilizosajiliwa nazo ziliongezeka sana katika miaka hiyo, kwa hiyo si ongezeko lote ni la helmeti. Lakini hata ukizingatia ongezeko la pikipiki, vifo vilizidi vilivyotarajiwa. Ule uangalifu wa kufidia helmeti iliyovuliwa haukuonekana.

Na bili? Gharama ya kumtibu mwendesha pikipiki mmoja aliyelazwa kwa jeraha la kichwa ilikuwa wastani wa karibu dola 40,000, mara nne ya ile bima. Tofauti hiyo haikuyeyuka hewani. Ililipwa na hospitali, na walipa kodi, na wateja wengine wa bima.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1972, katika kesi ya Simon dhidi ya Sargent, mahakama moja huko Massachusetts ilimjibu mwendesha pikipiki aliyedai kwamba sheria ya helmeti inaingilia maisha yake binafsi. Majaji walieleza kwamba tangu dakika ya kuumia, jamii ndiyo inayomwokota barabarani, inayompeleka hospitali ya umma, na inayombeba yeye na familia yake asipoweza kurudi kazini. Kwa hiyo hakuna mlango unaotenganisha kichwa chake na sisi wengine.

Tumfuate Juma

Sasa turudi nyumbani. Mmarekani ana bima isiyotosha. Hapa kwetu bili inapita njia gani? Tumchukue kijana wa kufikirika, tumwite Juma, bodaboda wa Mbagala, aliyeanguka saa tatu usiku bila helmeti.

Wa kwanza kulipa ni bodaboda wenzake wanaombeba, wanaoacha abiria na kutoa mafuta yao. Kisha inatafutwa fomu ya polisi, PF3. Akihamishiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndugu wanaanza kuulizwa nani atachangia damu. Mama yake anafunga genge aje kumuuguza, na genge likifungwa wiki tatu, mtaji umeliwa. Dada yake anafungua kundi la WhatsApp, "Matibabu ya Juma", na wewe msomaji unaongezwa humo hata kabla hujaulizwa. Shamba la kijijini linaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Na kwenye chumba cha upasuaji kuna mgonjwa mwingine, amefunga kula tangu usiku, amesubiri nyonga yake kwa miezi, na asubuhi anaambiwa arudi wodini kwa sababu imeingia dharura. Yule mgonjwa naye amelipa. Hajui hata jina la Juma.

"Lakini pikipiki si ina bima?" Ina, kama imekatiwa. Ila bima ya mtu wa tatu, kama jina lake lilivyo, ni ya mtu wa tatu. Dereva mwenyewe hayumo.

Sasa ikumbuke ile nusu ya Peltzman iliyosahaulika. Yeye alisema hatari inahama kwenda kwa asiye na gari. Anayemtumia kuzipinga sheria za usalama kwa jina la uhuru binafsi anajikata mwenyewe, maana makala ile, ukiisoma hadi mwisho, inasema uamuzi wa dereva haubaki kwa dereva. Kama Peltzman ana haki, basi mwendo ndio wa kudhibitiwa kwanza, kwa sababu ndio unaomfikia mtembea kwa miguu. Kama hana haki, basi helmeti inaokoa. Kwa vyovyote vile, hitimisho la "acheni watu wafanye wapendavyo" halitoki humo.

Mnunuzi asiye na pesa wala uchaguzi

Kuna ufa mmoja zaidi kwenye nadharia hii, na huu huwezi kuuona ukiwa Chicago. Dereva wa Peltzman ni mtu huru. Anajipimia mwenyewe kati ya kufika haraka na kufika salama.

Juma anapimiwa. Pikipiki si yake, ni ya tajiri, na kila jioni tajiri anataka hesabu. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 na safari ya kawaida ni kati ya 1,500 na 2,000. Kabla hajapata hata mia ya kwake, Juma anatakiwa apige safari tano hadi saba za tajiri, na bado mafuta. Kama yuko kwenye mkataba, ule wa kulipa kila siku hadi pikipiki iwe yake, kukosa siku kadhaa kunaweza kumpotezea pikipiki aliyokwisha ilipia nusu. Mvua ikinyesha asubuhi, hasara haiendi kwa tajiri. Inakwenda kwenye mshale wa mwendo wa jioni. Inakwenda kwenye mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja.

Kwa hiyo ukiuliza nani amechagua ule mwendo, jibu "Juma" ni jibu la nusu. Mwendo umechaguliwa na hesabu. Ndiyo maana naona ni vigumu kuamini kwamba kumvalisha Juma helmeti kutamfanya akimbie zaidi: tayari anakimbia kadiri mfuko unavyomlazimisha. Na kwa sababu hiyohiyo, helmeti pekee haitampunguzia mwendo.

Sasa angalia sheria zetu zinamwangukia nani. Trafiki akimsimamisha Juma, faini ni ya Juma. Tajiri yuko nyumbani. Ndiyo maana helmeti nyingi mjini hazikai kichwani. Zinaning'inia kwenye kioo cha pembeni au kwenye kiwiko, zinapanda kichwani mita hamsini kabla ya trafiki na kushuka mita hamsini baada yake. Mwenye kijiwe ameielewa sheria kama ushuru, na ushuru mtu huukwepa.

Ulinganishe na ile sheria ya Marekani ya 1966 ambayo Peltzman aliikosoa. Haikumgusa dereva. Ilimshika mtengeneza magari: ukitaka kuuza, weka mkanda. Na hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa jirani, Kanuni za Michuki nchini Kenya. Kuanzia Februari 2004 waziri John Michuki alizitaka matatu ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, la sivyo zisiingie barabarani. Aliyelazimika kutoa pesa mfukoni alikuwa mwenye gari. Usimamizi ulipokuja kulegea, mazoea ya zamani yalirudi, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi: kanuni ilimfuata anayefaidika na mwendo.

Vietnam nayo inatufundisha kitu. Desemba 15, 2007 helmeti ilifanywa lazima kwa waendesha pikipiki na abiria wao kwenye barabara zote, na karibu usiku mmoja uvaaji ulipanda hadi zaidi ya watu 90 kwa kila 100. Baadaye watafiti walipozipima helmeti zenyewe, nyingi hazikufikia kiwango. Mvaaji alikuwa ametimiza wajibu wake. Muuzaji na mkaguzi wa viwango hawakuwa wametimiza wao.

Hoja ya bili nayo ina mipaka

Nisikuache ukidhani kila kitu kinamalizwa kwa kuuliza nani analipa. Ukiitegemea bili peke yake unaweza kufika pabaya. Mwaka 2011 wachumi waliochunguza majimbo ya Marekani yaliyofuta sheria za helmeti walikuta kwamba viungo vinavyotolewa na watu waliokufa kwenye ajali za barabarani viliongezeka kwa takriban asilimia 10. Figo, maini, mioyo. Mtu wa hesabu kavu anaweza kukaa na kujumlisha hapo faida. Mtu mwenye utu hawezi. Na kama kila gharama kwa jamii ni sababu ya kukataza, kesho tutakataza chipsi mayai na mpira wa mchangani.

Kwa hiyo bili haitoi hukumu yenyewe. Kazi yake ni kuvunja neno "binafsi". Likishavunjika, tunaweza kukaa na kupima kwa haki: kanuni hii inamnyima mtu nini, inaokoa nini, na mzigo wake umewekwa kwa nani. Helmeti inamnyima mtu upepo kichwani na kumwongezea jasho. Mpira wa mchangani ukiukataza umemnyima kijana furaha yake ya wiki nzima. Mizani hizo mbili hazilali upande mmoja.

Ukutane nayo tena

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ndiyo sababu kubwa kuliko zote za vifo. Huo ni umri wa wasomaji wengi wa ukurasa huu na wadogo zao. Hoja ya "ukiwalinda wanajiachia" utakutana nayo tena, na si kwenye pikipiki tu: kwenye migodi, kwenye ujenzi, kwenye boti. Ukikutana nayo, uliza mambo matatu.

Moja, je, kinga hiyo inahisiwa? Kama ni kitu kinachobadili mwendo wa kila siku, kama breki au lami mpya, tarajia fidia na panga matuta mapema. Kama ni kitu kinachofanya kazi siku ya ajali tu, usiikubali hoja hiyo bila ushahidi.

Mbili, nani kachagua hatari? Anayeibeba hatari na anayeipangia mwendo wanaweza kuwa watu wawili.

Tatu, mambo yakiharibika, nani ataongezwa kwenye kundi la michango? Waandike kwa majina. Ukifika jina la tano, neno "binafsi" litakuwa limeshakufa lenyewe.

Na leo jioni ukipanda boda, omba helmeti. Ibonyeze ndani kwa kidole uone kama kuna povu. Tafuta alama ya shirika la viwango. Funga mkanda wa kidevuni mpaka ushike. Dereva akikwambia ni hapo tu karibu, mwambie taratibu tu, kaka, hesabu ya tajiri itapatikana. Halafu siku ukikutana na huyo tajiri, kwenye vikoba, msikitini au kanisani, muulize amemnunulia kijana wake helmeti ngapi.